Kijiko Juu ya Kibodi

Machi 3

Mhandisi kaniamuru: "Kapteni, unaongea sana na huandiki chochote. Kila siku andika ulichokiona kwenye skrini." Basi naandika. Asije akanilaumu yakizidi. Anayemwalika mlevi kuimba asimpimie beti.

Kwanza nijitambulishe, kwa faida ya vizazi. Kapteni ni mimi. Nimelala bandari za mabara manne, nimegombana kwa lugha saba na kuomba radhi kwa mbili. Meli sikuwahi kuiendesha, nilikuwa mtu wa kupaka mafuta injini huko chini kwenye joto, lakini jina zuri haliulizwi risiti. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha, hatukuwekeana kinyongo. Leo nimekaa chumba cha mitambo cha hospitali kubwa, kiti changu kinazunguka, na wenye digrii wananiuliza, "Kapteni, hali ikoje?"

Hali ni hivi. Kila wodi ina kompyuta, kila maabara, kila dirisha la dawa. Zote zinataka kuongea na mashine moja kubwa yenye mafaili ya wagonjwa. Zikiruhusiwa kuingia kwa pamoja mashine inazimia, kama bwana harusi aliyevamiwa na mashangazi wote kwa mkupuo. Kwa hiyo katikati kumewekwa mlinzi. Wasomi wanamwita proksi, mimi namwita Bawabu. Bawabu ana fungu la laini za kuingilia kwenye mashine, themanini tu. Kompyuta ikitaka faili, anaiazima laini moja. Ikimaliza, laini inarudi kwenye fungu ili mwingine atumie. Zikiisha, watu wanasubiri nje. Kazi yangu ni kutazama: laini ngapi zimeshikwa, ngapi ziko huru, wangapi wanasubiri, na aliyesubiri kuliko wote kasubiri kiasi gani. Namba hiyo ya mwisho ndiyo mama wa namba zote.

Leo anayesubiri hakuna. Nimekunywa chai.

Machi 4

Kama jana.

Machi 6

Mvua zimeanza. Dari linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, nimeweka ndoo ileile. Fundi wa dari kasema atakuja mvua zikiisha. Ni kama daktari kuahidi kuja mazishini.

Wanaosubiri: wachache.

Machi 10

Mdogo wangu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, amelazwa wodi ya sita. Mimba ni ya miezi sita. Daktari kasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, na wakati wowote damu inaweza kumtoka kama bomba lililopasuka. Hashuki kitandani mpaka azae. Na damu yake ni ya kundi adimu. Kwenye jokofu la benki ya damu mifuko yake inahesabika.

Mama alizaa sita. Tumebaki sisi wawili. Mama alipofika wodini hakulia. Alikaa pembeni ya kitanda akawa anakunja ncha ya shuka na kuikunjua, anakunja na kuikunjua.

Kitinda ndiye aliyetutuliza. "Kaka, leo umeishiwa? Nichekeshe basi."

"Huyo mtoto kamrithi baba yake," nikamwambia. "Kila siku shemeji akija kwangu anaambiwa karibu ndani, anabaki mlangoni."

Akacheka. Nesi wa wodi ya sita, mwanamke mnene mwenye mikono mepesi, akanitoa mkuku: "We Kapteni! Unamchekesha mtu aliyekatazwa kutikisika?"

Shemeji, fundi majokofu, alikuwa kweli amesimama mlangoni. Miaka yote nimejiuliza mdogo wangu alimpendea nini mwanamume yule wa kunong'ona.

Kitu kimoja kinaninyima raha. Mwaka juzi mtu aliwekewa damu isiyo yake kwa sababu ya mwandiko mbaya kwenye karatasi. Tangu hapo ni marufuku: mfuko wa damu hautoki benki mpaka ombi liandikwe kwenye faili la mgonjwa, ndani ya mashine. Sheria nzuri. Lakini maana yake ni kwamba kati ya mdogo wangu na damu yake amesimama Bawabu.

Machi 13

Mvua mchana kutwa. Wagonjwa wamejaa, wanaosubiri wameongezeka. Nimemwaga ndoo.

Machi 17

Laini zote themanini zimeshikwa. Foleni nje inakua. Lakini hapa ndipo akili inapogoma: mashine kubwa yenyewe imepoa, inapumua polepole, taa zake zinapepesa kivivu. Ni kama kuingia hotelini ukute sahani zote zimechukuliwa na hakuna anayetafuna.

Mimi kwa uzoefu wangu wa kimataifa nikatoa ushauri. "Ongeza laini."

Mhandisi hakugeuza hata shingo. "Kuongeza si dawa, Kapteni. Kuna watu wanashika laini bila kuitumia."

"Binti, melini bomba likiwa jembamba tunaweka nene."

"Na kama bomba limezibwa na kidole cha mtu?"

Nikaenda kumwaga ndoo.

Machi 18

Mkuu wa kitengo kasikia hoja yangu kaipenda. Kaamuru, na laini sasa ni mia na ishirini. Wanaosubiri hakuna. Nimepita korido nzima ya mbele nikipokea salamu.

Machi 19

Mia na ishirini zote zimeshikwa kabla ya chakula cha mchana. Foleni ni ndefu kuliko juzi. Nimerudi nyumbani kwa korido ya nyuma.

Machi 22

Kuhusu Mhandisi, naandika ukweli, akitaka asome. Ana maringo. Kaziba masikio kwa vile vidude vya muziki, hacheki, hasalimii mara mbili. Siku nzima anasoma programu ya hospitali mstari kwa mstari akitafuta kosa, kama mtu anayetafuta chawa kwenye blanketi la jeshi. Nikamwekea chai na mkate mezani. Jioni mkate ulikuwa palepale, chai imefanya utando. Nimeula mimi, chakula hakitupwi kwa sababu ya maringo ya mtu.

Aliyesubiri kuliko wote leo amesubiri muda ambao kuku angeiva.

Machi 26

Nimepata jibu. Laiti nisingelipata.

Mchana nilikwenda wodi ya sita kumpelekea Kitinda machungwa. Amelala, uso umepauka. Nesi akaniita kwenye kiofisi chake kidogo nisimwamshe. Na pale mezani, kwenye kibodi ya kompyuta, nikaona kijiko cha chai. Mpini umechomekwa chini ya fremu ya kibodi, bakuli lake limekandamiza kitufe cha mshale.

"Hiki nacho?"

Nesi akacheka kwa fahari, akafunga mlango. "Kaka yangu, ukilifunga dirisha hili, kulipata tena ni kama kuomba visa. Na ukiliacha bila kugusa, programu inajifunga yenyewe. Basi kijiko kinaigusa kwa niaba yangu. Inadhani kuna mtu."

"Na faili lililofunguliwa ni la nani?"

Akaigeuza skrini. Jina la mdogo wangu. Ukurasa wa ombi la damu. Kundi, idadi ya mifuko, majibu ya kupimanisha damu ya mgonjwa na ya mfuko, vyote vimeshaandikwa. "Imebaki kutuma tu," akasema. "Akianza kutoka damu, nabonyeza. Mdogo wako hapangi foleni. Nimemuwekea nafasi."

"Na wodi nyingine?"

"Zote! Wodi ya tatu wanatumia mkasi. Majeruhi wanabandika plasta. Mwenye akili hafungi."

Basi ndio hao wasiotafuna. Kila wodi imefungua faili, imeshika laini, imenyamaza, kwa kuogopa foleni ambayo imetengenezwa na kule kushika. Kadiri foleni inavyokuwa ndefu ndivyo vijiko vinavyoongezeka. Hakuna kosa kwenye programu. Mhandisi anatafuta chawa kwenye blanketi safi.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilichofanya ni kumshika Nesi mikono yote miwili na kumwambia, "Mungu akuzidishie."

Machi 27

Sijamwambia Mhandisi.

Machi 28

Sijamwambia. Mvua.

Machi 31

Anasoma bado. Macho yamekuwa mekundu. Leo kaniuliza, "Kapteni, wewe umezunguka sana, huko wodini huoni chochote cha ajabu?"

Nikamwambia naona watu wagonjwa. Nikajichekea mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyecheka.

Nimejitetea hivi moyoni: nikisema, vijiko vyote vitaondolewa, na cha mdogo wangu kimo. Basi asimame nje na wengine, kwenye mvua hii? Mama alizaa sita.

Aprili 4

Leo mchana namba ile, mama wa namba zote, ilipanda. Nikaangalia anayesubiri ni nani: kompyuta ya wodi ya majeruhi. Ikapanda. Nikasema sasa hivi laini moja itaachiwa. Haikuachiwa. Vijiko havichoki. Ikapanda mpaka nikasimama kwenye kiti kinachozunguka nikitaka kuanguka.

Kisha yule wa mbele ya foleni akatoweka. Hakuingia. Alitoweka tu, mstari ukafutika, wa pili akawa wa kwanza.

Nikajiambia wamepata njia nyingine.

Aprili 5

Hawakupata. Alikuwa fundi mwashi, kateleza kwenye jukwaa lililolowa, tumbo likavuja kwa ndani. Walikuwa wakimwombea damu. Mlinzi wa getini ndiye aliyenieleza, kwa sababu mke wa marehemu alikuwa ameketi kwenye kibanda chake akisubiri mvua ipungue, mapajani ameshika mwiko wa kupigia plasta wa mumewe, umeoshwa safi.

Daktari anasema aliumia vibaya, pengine damu isingesaidia. Hakuna anayesema ni foleni. Hakuna anayesema si foleni.

Nikarudi kwa ngazi za nyuma nikamkuta Mhandisi kakaa chini, vile vidude vya masikioni kavitoa, anatiririkwa na machozi kimya kimya kama dari letu. Nikaketi naye. Nikamwona jinsi alivyo mdogo. Umri wa Kitinda.

"Huwa unasikiliza muziki gani?" nikamuuliza.

"Hakuna muziki," akasema. "Naviweka tu. Nikiyasikia yale magari ya wagonjwa yakiingia, mikono yangu inatetemeka, siwezi kuandika."

Maringo, niliandika juu kule. Silifuti. Libaki linisute.

Hapo palikuwa na nafasi pana ya kusema neno moja, kijiko. Likanifika kwenye meno. Nikalimeza.

Aprili 7

Kagundua bila mimi. Si kijiko, lakini alama za kijiko: kaona laini zilizofungua faili na kukaa bila kuuliza mashine kitu chochote. "Sijui wanafanyaje," kasema, "lakini sina haja ya kujua. Nitamwagiza Bawabu: laini iliyoshikwa bila kazi, baada ya dakika chache aikate. Yasiyotumwa yapotee."

"Wodi ya sita waache," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kule wanafanya kazi kweli. Ni wajawazito, mambo yao yanakwenda polepole. Nimeona kwa macho."

Akaniangalia. Anajua mdogo wangu kalazwa kule; kila siku huniuliza hali yake. "Una uhakika, Kapteni?"

Nimedanganya maofisa wa forodha wenye bunduki bila jasho. Hii ilinitoka kama kucha. "Nina uhakika."

Kaandika sheria. Wodi ya sita kaiondoa kwenye panga.

Aprili 8

Wodi nzima nzima zimepiga simu kutukana. Mkasi wa wodi ya tatu umekatwa, plasta ya majeruhi imekatwa. Mchana foleni ikayeyuka. Mtu anafungua, anaandika, anafunga, na akitaka tena anapata papo hapo. Ilikuwa rahisi hivyo. Jamani, ilikuwa rahisi hivyo!

Mkuu wa kitengo kaja kutupongeza. Mimi kanipiga bega. Bega limeniuma mpaka jioni.

Aprili 9

Wanaosubiri hakuna. Laini moja tu imeshikwa bila kazi, naijua kwa sura. Naiangalia kama mtu anayelinda shamba la wizi.

Aprili 12

Nimemwambia Nesi sasa foleni hakuna, akiondoe kijiko. "Leo hakuna," kasema. "Kesho? Mvua hizi zina siku mbaya mbele. Na wewe mwenyewe si ndiye uliyetulinda? Wenzangu wote wanasema wodi ya sita wana ndugu mkubwa juu." Sikubishana sana. Niseme ukweli: sikubishana kabisa.

Aprili 16

Mvua ya kubomoa. Nimetoka kazini nikamkuta shemeji kasimama chini ya dirisha la wodi ya sita, kalowa chapachapa.

"Unafanya nini hapa, shemeji? Muda wa kuona wagonjwa umekwisha."

"Najua."

"Sasa?"

"Akigeuka upande huu anaona kofia yangu," akanong'ona. "Nimemwambia akiiona ajue nipo."

Kumbe kila jioni, tangu siku ya kwanza. Nikasimama naye. Watu wawili wazima kwenye mvua, mmoja ana maneno ya mabara manne na hana la kusema. Baadaye nikajua pia alikwenda kutoa damu. Si ya kundi la mkewe, haimsaidii. "Itamsaidia mke wa mwingine," kasema.

Aprili 21

Niandike yote, kwa mpangilio, kabla hayajageuka ngano mdomoni mwangu.

Asubuhi kulikuwa kwema. Saa nane mchana skrini ikaonyesha kitu ambacho tangu sheria mpya sikuwa nimekiona: anayesubiri. Tena si nje kwa Bawabu. Huko laini huru zilikuwa tele. Hawa walikuwa wameingia, wana laini zao mkononi, wanasubiri ndani, kwenye mlango wa faili moja, maana faili moja haliandikwi na wawili kwa wakati mmoja. Chumba cha upasuaji. Maabara. Benki ya damu. Watatu, mmoja nyuma ya mwingine. Na mbele yao, kalikalia lile faili, laini ya wodi ya sita.

Simu yangu ikalia. Shemeji. Mara ya kwanza maishani nikamsikia akipiga kelele.

"Shemeji, damu haitoki! Wamemkimbiza upasuaji, anatoka damu, manesi wote wamekwenda naye! Benki wanasema faili lake limefunguliwa kwingine, hawawezi kuandika! Mifuko naiona, shemeji! Ipo kwenye jokofu, nimeweka mkono kwenye kioo!"

Nikapiga simu wodi ya sita. Ikaita. Kiofisi kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Nesi, na Nesi, aliyeondoka mbio bila kubonyeza kutuma, yuko ndani ya chumba cha upasuaji kashika mkono wa mdogo wangu. Na juu ya meza, kwenye kibodi, kijiko kinaendelea kubonyeza. Kinamshikia nafasi. Hakipokei simu, hakiogopi damu, kinamshikia nafasi mdogo wangu dhidi ya dunia nzima, na dunia nzima ikiwamo damu yake.

Nikamgeukia Mhandisi. Nilisema kwa pumzi moja: "Ni kijiko, wanaweka vijiko kwenye kibodi, nilijua tangu mwezi uliopita, wodi ya sita nilikudanganya, faili ni la Kitinda, anakufa."

Sijui nilitegemea nini. Kofi, labda. Alivitoa vile vya masikioni, akavuta kibodi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kama alivyosema.

"Yaliyoandikwa mle hayajatumwa," akasema. "Kundi, majibu ya kupimanisha. Nikikata yanapotea yote. Chumba cha upasuaji wataanza upya. Unaelewa?"

Nikaelewa. Yale ndiyo niliyoyalinda. Kwa ajili ya yale nilimwacha fundi mwashi nje.

"Kata."

"Nisomee namba ya laini."

Macho yalijaa maji, namba zikawa zinaogelea. Nikaweka kidole juu ya skrini kama mtoto wa darasa la kwanza, nikasoma tarakimu moja moja, kwa sauti. Akarudia. Nikasema ndiyo. Akakata.

Mstari wa wodi ya sita ukafutika. Yule wa kwanza wa watatu akaingia, akatoka. Wa pili akaingia, akatoka. Wa tatu. Ilikuwa haraka hata sikuwahi kupumua. Kwenye simu ambayo nilikuwa sijaikata nikasikia mlango wa jokofu, kisha viatu vikikimbia.

Mhandisi akasema, "Nenda."

Nilikwenda. Sikumbuki ngazi.

Aprili 22

Yuko hai. Walimwongezea mifuko yote ya kundi lake iliyokuwapo. Kizazi wamekitoa, la sivyo damu isingekoma. Mtoto ni wa kike, ukubwa wa mkate mdogo, kawekwa kwenye kisanduku cha joto na mpira puani. Daktari anasema tusimhesabu bado kuwa wetu.

Kitinda alifumbua macho adhuhuri. "Kaka," akasema, midomo mikavu, "nichekeshe."

Nilishindwa. Nikakaa pembeni ya kitanda, nikajikuta nakunja ncha ya shuka na kuikunjua. Mama akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, akauzuia.

Aprili 24

Mhandisi haongei nami ila la kazi. Ana haki. Leo nilimwomba aniripoti kwa Mkuu wa kitengo.

"Nimeshaandika," akasema. "Nimeandika kwamba wodi ya sita iliachwa nje ya sheria kwa uamuzi wetu wawili."

"Wewe ulidanganywa."

"Nilijua una ndugu kule, nikauliza swali moja tu, kwa sababu nilitaka jibu liwe ndiyo." Kisha akasukuma kikombe cha chai upande wangu wa meza. Ilikuwa baridi tayari. Niliinywa yote.

Aprili 27

Nilikwenda hadi nyumba ya fundi mwashi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Mke wake alifungua mlango akadhani nimeleta kazi ya ujenzi, akaniambia kwa upole, "Mwenyewe hayupo tena, baba." Nikasema najua. Nikamweleza mimi ni nani, foleni ni nini, na kijiko. Nilieleza vibaya. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo angepona?"

"Sijui, mama. Hakuna ajuaye. Najua tu kwamba asingesubiri."

Akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Bora angeubamiza.

Mei 2

Mvua zinapungua. Mkuu wa kitengo kanipa barua ya onyo na kunibakiza kazini, nadhani kwa sababu hakuna mwingine anayekubali kukaa na ndoo. Mtoto bado yumo kwenye kisanduku. Jana alisahau kupumua mara mbili, wakamgusa unyayo, akakumbuka.

Mei 6

Simu ya Nesi, saa tano asubuhi, toka chumba cha watoto njiti anakosaidia siku hizi. Sauti yake ya chini, ile ya kufunga mlango.

"Kapteni, mtoto rangi yake siipendi. Daktari anasema huenda akahitaji damu kidogo leo. Nataka nifungue faili lake niliweke tayari. Mwambie binti yako huyo wa mitambo asinikate. Leo tu. Ni mtoto wa mdogo wako, Kapteni."

Nyuma yake nilisikia kile kisanduku cha joto kikilia, kile kilio chake cha namba kushuka. Akilini nilimwona Mama akikunja shuka. Niliona kofia ya shemeji dirishani. Kizazi kimeondoka, huyu ndiye wa kwanza na ndiye kitinda mimba.

Mhandisi alikuwa amegeuka ananitazama. Aliniachia uamuzi.

"Hapana, dada yangu," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Fungua, andika, funga. Ukihitaji tena, fungua, andika, funga. Nafasi ipo. Niko hapa naiangalia."

"Na isipokuwepo?"

"Nitakimbia na mfuko mwenyewe kwa meno, nifukuzwe kazi. Lakini usiishike."

Kisha nikasikia chuma kidogo kikidondoka kwenye droo.

Mei 7

Walimwongezea damu jana alasiri. Bado hatumhesabu.

Mei 9

Leo jua. Ndoo ni kavu, fundi wa dari kaja kama alivyoahidi, kalitazama dari lisilovuja, kasema halina tatizo. Nimemcheka hadi nikakaa chini. Mhandisi naye akacheka. Ana jino moja limepanda lingine, miezi yote hii sikuwahi kuliona.

Wanaosubiri hakuna. Nimevuta kiti karibu na skrini, natazama mstari mmoja tu, wa chumba cha watoto njiti. Kila wanapompima mtoto wa Kitinda wanaandika kwenye faili lake. Laini inafunguka, inafungika. Nashika pumzi. Muda unapita, sipendi unavyopita. Inafunguka, inafungika.